Mlango wa Kwanza Kutoka Msibani

Ijumaa ya pili ya Mei, saa kumi na mbili asubuhi, Merlita Sumalpong alikata tikiti ya feri ya kwenda kisiwa cha Siquijor na kurudi jioni hiyo hiyo. Alikuwa peke yake.

Wageni waliokuwa naye kwenye foleni ya gati la mji wa Dumaguete walibeba taulo na miwani ya kuogelea. Yeye alibeba fulana ya mtoto ndani ya mfuko wa plastiki. Fulana haikuwa imefuliwa. Ilikuwa na jasho la Ontoy, mwanawe wa pekee, mwenye miaka sita.

Ontoy alikuwa na homa kwa wiki nzima na zaidi. Alishapimwa damu, alishapewa dawa, na homa ilishuka mchana ikarudi usiku. Baba yake, Rodel, alikuwa baharia kwenye meli ya mizigo upande wa pili wa dunia, hapatikani kwenye simu mpaka meli ikaribie nchi kavu. Kwa hiyo maamuzi yote yalikuwa ya Merlita, muuza samaki wakavu sokoni.

Na Merlita alijua homa ilikotoka.

Ilitoka kwa Gerlie, dada yake Rodel. Gerlie alipita kwao Jumapili moja baada ya misa, kichanga chake Danica kifuani, akamfinya Ontoy shavu. "Wee! Mashavu yote haya unayapeleka wapi?" alisema. "Wifi, nakwambia, iko siku nitamwiba huyu." Akacheka. Hakusema *puera buyag*, neno ambalo hata mlevi wa Dumaguete hulitamka akimsifu mtoto wa mwenzake, sifa isije ikageuka ugonjwa. Merlita alingoja alitamke. Gerlie alikuwa ameshahamia kwenye bei ya maziwa ya kopo.

Usiku ule Ontoy alianza kutetemeka.

"Mpeleke kwa Nang Pilang, yule mganga wa milimani kisiwani," Bibi Ising, jirani yake, alimshauri. "Kama hawezi kusafiri, peleka nguo yenye jasho lake. Mimi nitakaa naye." Hivyo ndivyo Merlita alivyopanda feri.

Bahari ilikuwa shwari. Bandarini Siquijor dereva wa pikipiki yenye kigari cha abiria alimpokea mkoba.

"Ufukweni, dada?"

"Kwa Nang Pilang."

"Aa. Leo huko hakuna foleni." Dereva alicheka peke yake njia nzima ya mlima, na hakusema kilichomchekesha.

Merlita alikielewa alipofika. Getini palikuwa pamening'inizwa bango lenye picha ya mwanamke mzee asiye na meno. Uani, chini ya turubai, wanaume walikuwa wakicheza karata. Kulikuwa na kahawa, biskuti na peremende juu ya meza. Nang Pilang alifariki Jumanne. Jeneza lake, lenye kioo juu, lilikuwa sebuleni kati ya taa mbili.

Sebule ilinuka mshumaa, mafuta ya nazi, tangawizi. Na chini ya hivyo vyote, harufu nyingine.

"Umechelewa, mama," sauti ilisema. Alikuwa mwanamke wa makamo, ameketi karibu na jeneza, akimumunya peremende. Jina lake Crisanta, binti wa marehemu.

"Poleni sana. Sikujua." Merlita aligeuka aondoke.

"Fulana hiyo ni ya mtoto wa kiume?"

Merlita alisimama. Crisanta alinyoosha mkono, akaitoa fulana mfukoni, akainusa kwapani kama mtu anayechagua samaki.

"Amebakiza siku tatu," alisema. "Nne, akiwa na kichwa kigumu."

"Dada, tafadhali..."

"Mama yangu bado anafanya kazi. Sasa ndiyo hachoki." Crisanta aliikunja fulana vizuri. "Hebu niambie. Mtu akitoka msibani, kwa nini haendi moja kwa moja nyumbani kwake?"

"Kila mtu anajua. Lazima apite kwanza mahali pengine, dukani, popote. Asipopita, marehemu atamfuata nyumbani."

"Basi. Leo tunataka afuate."

Alieleza kwa sauti ya chini, bila haraka, huku wanaume uani wakigombea karata. Merlita atatoka pale na chakula cha msiba ndani ya mfuko, jambo ambalo hakuna mtu mwenye akili anayelifanya. Nang Pilang atakifuata. Nyumba ya kwanza Merlita atakayoingia, Nang Pilang atabaki humo. Atachukua mmoja. Mtoto mwenye fulana ataachwa.

"Atachukua mmoja... kivipi?"

"Mama, wewe si mtoto."

Merlita alitazama kioo cha jeneza. Mwanga wa taa ulikuwa umekigonga, hakuona kitu.

"Wengi huingia mgahawani," Crisanta aliendelea. "Pale karibu na gati lenu. Watu wamejaa, huwajui, hata habari ya aliyekwenda hutaisikia. Unakunywa soda yako, unarudi kwa mwanao."

"Na mtu akiwa na... mtu aliyemkusudia?"

Crisanta alitabasamu kwa mara ya kwanza.

"Mama yangu aliwapenda zaidi hao. Ila usiseme na mtu yeyote mpaka uvuke mlango huo. Ukifungua mdomo njiani, atakupotea, na mwanao amekwisha."

Aliweka biskuti tatu juu ya fulana, akafunga mfuko. Uani karata zilinyamaza. Mzee mmoja aliweka zake mezani.

"Crisanta, mwache mwanamke wa watu."

"Wewe cheza. Unaliwa hivyo."

"Dada," mzee alimgeukia Merlita, "rudisha biskuti hizo. Kunywa kahawa, ulale hoteli ya mjini, kesho uende kwako. Sisi tunaishi hapa. Tunajua."

Merlita alikuwa ameshaanza kunyamaza. Aliubana mfuko kwapani, akatoka getini. Hakuna aliyemsindikiza, kwa sababu wafiwa hawamsindikizi mgeni.

Lakini nyuma yake kulikuwa na ndala.

Fya... fya... fya...

Ndala za mtu asiyenyanyua miguu. Merlita aligeuka. Barabara ilikuwa tupu, na jua lilikuwa bado juu.

Dereva wa asubuhi alikuwa akimsubiri chini ya kivuli. Alimtazama Merlita, kisha akatazama nafasi ya pembeni yake, akaacha kutafuna kijiti.

"Bibi naye anateremka?"

Merlita hakujibu. Aliingia kwenye kigari, akajibana ukingoni. Kiti cha pembeni kilibonyea taratibu, kama mtu mwenye maumivu ya kiuno anapoketi. Harakaharaka dereva akawasha pikipiki. Safari hii hakucheka. Bandarini alikataa nauli, akaondoka akiwa amempa mgongo.

Feri ya saa kumi haikujaa. Merlita alichagua benchi la nyuma kabisa, karibu na injini, mahali pasipopendwa na watu kwa kelele. Joto la injini lilimfikia upande wa kulia. Upande wa kushoto mkono wake ulikuwa na baridi hadi kwenye kiwiko.

Kijana mhudumu alipita akigawa maboya ya kuvaa. Alimpa moja. Akatazama pembeni, akampa la pili.

"Msaidie bibi kufunga kamba," alisema. "Kwa usingizi huo, atateleza."

Boya la pili lilibaki juu ya benchi. Merlita hakuligusa. Baada ya muda aliona kamba zake zimefungwa.

Simu ilitetemeka. Ilikuwa Gerlie.

Merlita alilitazama jina mpaka likazimika. Ni wakati ule, anavyokumbuka, alipochagua. Alijiambia kwamba Nang Pilang angemchukua Gerlie mwenyewe, mwenye mdomo usio na breki, wala si mwingine. Hakuwa amemuuliza Crisanta jinsi marehemu anavyochagua. Alikuwa na nafasi ya kuuliza.

Simu ikatetemeka tena. Gerlie. Ikanyamaza. Ikatetemeka mara ya tatu.

*Unanitafuta?* Merlita aliwaza. *Nakuja.*

Akaizima.

Kitu kilikuwa kinamumunywa. Sauti ndogo, yenye maji, ya ufizi usio na meno ukilainisha kitu kigumu. Ilitoka magotini pake. Merlita alifungua mfuko. Biskuti mbili zilikuwa nzima. Ya tatu ilikuwa nusu, na ukingo wake ulikuwa umelowa.

Feri ilifika Dumaguete jua likizama. Mgahawa ambao Crisanta aliutaja ulikuwa pale pale, hatua chache kutoka geti la bandari, na taa zake zilikuwa zimewaka. Wanaotoka misibani kisiwani walikuwa wakiingia humo kama kawaida, wakiagiza soda, wakimwacha marehemu wao kati ya meza za watu wasiowajua. Msichana wa mlangoni aliuvuta mlango wa kioo.

"Karibuni! Wawili?"

Hewa ya baridi ilimpiga Merlita usoni. Ndani, mezani pa karibu, mwanamume alikuwa akila wali peke yake, mgongo wake mlangoni. Merlita asingeiona sura yake. Asingelijua jina lake. Hatua moja ingetosha.

Alisimama hapo mpaka msichana akachoka kushika mlango.

Kisha akaendelea kutembea.

Fya... fya... fya...

Mbwa wa mtaa ule hubwekea hata kivuli. Jioni ile waliingia chini ya magari. Merlita alipita mdomo wa kichochoro chake mwenyewe, akaona kina giza tupu. Umeme ulikuwa umekatika upande wote wa kwao. Mwanawe alikuwa humo, gizani, na Bibi Ising. Alitamani kukimbilia kwake. Hakuthubutu. Aliharakisha mwendo kwenda mtaa wa pili, wenye umeme, kwenye nyumba ya Gerlie yenye mlango wa kijani.

Mlango ulikuwa wazi. Kwenye kizingiti kulikuwa na ndala kadhaa zilizovuliwa. Merlita hakuziangalia. Alivua zake, akavuka.

Nyuma yake, ndala nyingine ilivuliwa.

Kisha ya pili.

"Wifi! Hatimaye!" Gerlie alitokea jikoni na taulo begani. "Simu umewauzia samaki? Nimepiga mpaka kidole kimeota sugu. Na huyu bibi..." Alichungulia nyuma ya Merlita. "Karibu, bibi, karibu ndani, usisimame mlangoni. Kaa, nawaletea maji." Kisha akashusha sauti. "Ila taratibu jamani. Ndiyo kwanza kalala."

Merlita alifungua mdomo kwa mara ya kwanza tangu kisiwani.

"Nani?"

"Nani tena? Mwanao! Kwenu umeme umekatika tangu mchana, Bibi Ising kamwona anachemka kama birika. Nikaenda nikambeba. Hapa kuna feni, kuna barafu. Angalia ndala zake hizo hapo mlangoni, kazililia mpaka nikazibeba."

Merlita aligeuka. Ndala ndogo za bluu zilikuwa zimepangwa pembeni ya zake.

"Na wifi..." Gerlie alimshika mkono. "Bibi Ising kaniambia unavyonilaumu. Unisamehe. Kweli nilisahau. Nimempaka mate yangu tumboni kama wazee wanavyofanya, nimesema *puera buyag* mpaka koo limekauka. Homa inashuka tangu alasiri. Nenda kamguse, si ya jana. Ndiyo nilikuwa nakupigia nikwambie."

Alimwachia mkono, akarudi jikoni kuchukua maji.

Kiti cha mgeni kilikuwa kitupu.

Merlita aliingia chumbani. Feni ilikuwa ikizunguka. Upande mmoja Ontoy alikuwa amelala juu ya mkeka, jasho la homa inayoondoka likimetameta kwenye paji la uso. Upande mwingine, ndani ya machela ya kitambaa iliyofungwa darini, Danica alikuwa amelala, ngumi yake mdomoni.

Kati yao alisimama mwanamke mzee, ameupa mlango mgongo.

Alitazama mkeka. Akatazama machela. Akatazama mkeka tena. Hakuwa na haraka.

"Si huyo," Merlita alinong'ona. "Huyo ndiye wa fulana. Nimeahidiwa."

Kichwa cha mzee kilisimama juu ya mkeka. Mzee aliinama. Ufizi ulianza kumumunya hewa.

"Si huyo! Chukua mwingine."

Mzee hakusogea. Merlita alielewa kwamba anasubiri kuonyeshwa.

Merlita mwenyewe alikuwa amesimama mle ndani, mtu mzima, mzima wa afya, na mlango ule alikuwa ameuvuka kama wengine. Jambo hilo lilimjia kichwani baadaye, siku nyingine, akiwa anaosha vyombo.

Aliinua mkono, akaonyesha kidole.

Glasi ilianguka mlangoni.

Gerlie alikuwa pale. Chumbani hakumwona bibi yeyote. Aliwaona watoto wawili wamelala, na wifi yake amenyoosha kidole kuelekea kwenye machela.

"Mwingine yupi?" Gerlie aliuliza.

Merlita alimnyanyua Ontoy, akapita juu ya vioo bila kuvaa ndala, akaenda naye nyumbani gizani. Mfuko wenye fulana ulibaki juu ya kiti. Uliokotwa na Gerlie. Ndani yake hapakuwa na biskuti hata moja, ila harufu ya mshumaa na ya tangawizi.

Danica alikutwa amefariki alfajiri. Daktari aliyemwangalia hakuona dalili ya ugonjwa. Asubuhi ile ile, Ontoy aliamka hana homa, akaomba uji wa chokoleti, akamaliza bakuli mbili.

Kama homa ilishushwa na mate ya shangazi yake au na mzee wa kisiwani, hakuna anayeweza kusema. Gerlie alisema ilikuwa imeanza kushuka kabla mlango haujavukwa. Merlita alipompigia dereva wa kisiwani, ambaye namba yake aliichukua asubuhi ya safari, dereva alimwambia Nang Pilang hakuwahi kuwa na binti. Kisha akakata simu. Alipopigiwa tena, hakupokea.

Msiba wa Danica ulikaa nyumbani kwa Gerlie, jeneza dogo jeupe kati ya taa mbili. Watu walicheza karata uani, kama inavyopasa. Merlita hakwenda. Alituma sukari na kahawa, akasema Ontoy bado hana nguvu. Walioenda walimwambia kwamba mfiwa halii. Anakaa tu karibu na jeneza, na kila mtu anayetoka anamuuliza swali moja.

"Unapitia wapi kabla ya kwenda kwako?"

"Duka la kona, mama," walimjibu. "Tunakunywa soda."

"Vizuri," Gerlie alisema. "Msisahau."

Jumatatu jioni, siku ya tatu, alisimama. Alichukua biskuti moja mezani, akaitia mfukoni mwa gauni.

"Gerlie, unakwenda wapi?" shangazi yake mmoja alimuuliza. "Mfiwa hatoki hivyo. Gerlie! Si nasema na wewe?"

Hakumjibu. Alipita mbele ya duka la kona, ambako watu waliotoka msibani kwake walikuwa wamesimama na chupa mikononi. Walimwita. Hakusimama, hakusema neno. Mmoja wao alisema baadaye kwamba mkono wake mmoja alikuwa ameuweka kifuani, kama anavyofanya mama mwenye kichanga.

Merlita alikuwa uani nyuma ya nyumba, akianua samaki kabla ya mvua. Alikuwa amemkataza Ontoy kumfungulia mtu yeyote. Alisikia mlango ukigongwa. Alisikia miguu ya mtoto ikikimbia.

"Nani?" Ontoy aliuliza.

Kimya.

Ontoy alichungulia dirishani. "Mama, ni shangazi!"

"Usifungue!" Merlita aliangusha kapu la samaki. "Ontoy, usifungue!"

Alipofika sebuleni mlango ulikuwa wazi. Ontoy alikuwa akitazama mikono ya shangazi yake, ambayo haikubeba kitu. Kisha akainua macho, akatazama begani pake, akatabasamu.

"Shangazi," alisema, "mbona anacheka?"

Saa kumi na mbili na robo jioni, Gerlie alivua ndala zake kizingitini, akaingia.